Gunia la Mpeasi

Barton, Vermont
28 Machi 1994

Mwanangu Lucien,

Hujambo huko jangwani? Mimi mzima. Goti linauma asubuhi, mchana linanyamaza. Theluji uani imeanza kukonda. Vijiti vya rasiberi vimetokeza, vyekundu, na vitumba vya mplamu vimevimba. Mtufaha bado umelala.

Mpeasi wa baba yako hauna neno. Mapatano yetu ya Krismasi, baada ya mimi kuanguka kwenye barafu, nayakumbuka: ukichanua mwaka huu nabaki; usipochanua nahamia kwenye nyumba ya wazee na hii inauzwa. Ulisema mimi na mti tumechoka pamoja. Sijasahau.

Mama yako

Tucson, Arizona
9 Aprili

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, joto limeshaanza. Nimempigia simu jirani yako Merle. Anasema alikuona kwenye theluji na mkasi, ukikata vijiti vya mpeasi. Ukavifunga kwenye gazeti bichi, ukashuka navyo chumba cha chini. Siku hiyohiyo ukalivalisha shina gunia.

Mama, gunia la kukinga shina na baridi huvalishwa Novemba, likavuliwa theluji ikiyeyuka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa nini unavalisha wakati wenzako wanavua? Nilimuuliza Merle kuna nini chini yake. Akakohoa, akaanza habari za trekta.

Mwanao Lucien

Barton
20 Aprili

Mwanangu,

Afya yangu haijabadilika tangu ulipomtuma mtu aichunguze. Nilimwambia Merle, “Wewe mzee, unanipeleleza?” Akajibu, “Naupeleleza mti, Odile. Wewe tulishakumaliza zamani.”

Rasiberi zina majani. Vitumba vya mpeasi vimepasuka, ncha zake rangi ya majivu. Tuliafikiana maua, hatukuafikiana gunia.

Na mimi nina swali. Jumanne alikuja mwanamume mwenye tai, akapima uzio. Alisema amekosea nyumba. Mtu aliyekosea nyumba haji na futi ya kupimia. Ni nani?

Mama yako

Tucson
4 Mei

Mama,

Mwenye tai nilimtuma mimi. Nilitaka kujua nyumba ina thamani gani, basi. Gunia lina nini?

Lucien

Barton
18 Mei

Mwanangu,

U mzima? Mimi mzima. Mpeasi umechanua, mweupe toka chini hadi juu, huoni tawi. Picha hiyo.

Mama yako

Tucson
26 Mei

Mama,

Picha nimeiona. Umechanua kuliko miaka yote, na hapo ndipo shaka yangu ilipo. Mti uliotafunwa gome mzunguko mzima huchanua hivyo hivyo, kwa akiba iliyobaki juu, kisha hufa. Baba alituonyesha kwa ule mtufaha wa karibu na kisima. Ulijaa maua mwezi wa tano, mwaka uliofuata tukaufanya kuni.

Vua gunia, upige picha nyingine. Usipovua, nitakuwa nimeshajibiwa.

Lucien

Barton
9 Juni

Mwanangu Lucien,

Barua yako haikuwa na salamu. Hii inayo: hujambo, mwanangu.

Ndiyo. Panya walikula gome chini ya theluji, mzunguko mzima, upana wa kiganja. Nilikuwa nimeshaliona siku niliyokuandikia kwamba mti hauna neno. Nilikudanganya.

Vile vijiti nilivikata vikiwa bado vimelala, nikaviweka kwenye baridi. Mwanzoni mwa Mei gome lilipolegea, tukavibebesha juu ya jeraha kama madaraja: ncha moja ndani ya gome chini ya jeraha, nyingine juu yake, misumari midogo, halafu nta. Nasema “tuka” kwa sababu goti langu halikunjiki tena tangu barafu. Hilo nalo sikukuandikia. Aliyepiga magoti matopeni ni mpelelezi wako. Mimi nilikaa kwenye kiti nikimfokea.

“Merle, hicho umekigeuza! Kichwa chini!”

“Njoo unigeuze na mimi, Odile, maana siwezi kuinuka.”

Leo tumevua gunia. Vijiti viwili vimekauka. Vilivyobaki vimenenepa na vinatoa machipukizi, kwa hiyo vinapitisha maji na chakula cha mti. Kama mti utapona, sijui. Mwakani tutajua zaidi.

Machipukizi hayo lazima yakwanyuliwe, la sivyo daraja litageuka tawi na kula kile linachopaswa kupitisha. Yako chini kabisa, karibu na nyasi. Mimi sina goti na Merle hana macho. Jana nusura ang’oe kijiti kizima.

Mapatano yalikuwa maua, na maua umeyaona. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini sitaki kubaki kwenye nyumba hii kwa maua ya mti usio na gome. Njoo uyatazame madaraja mwenyewe, kisha uamue ukiwa umepiga magoti.

Kitanda chako kimetandikwa. Mwenye tai mwache huko aliko.

Mama yako