Mnara Dirishani kwa Mama

Jumatatu, 4 Machi
Mnara wa nyumba ya ibada umepita paa. Kozi nne za matofali leo, timazi haijayumba hata kidogo — fundi ni mimi! Juu ya jukwaa mlima unaonekana wote, kilele kimejitanda wingu. Nilizubaa, mwiko mkononi, mpaka udongo wa saruji ukaanza kukauka. Msimamizi akaniuliza kama nimeajiriwa kutazama.

Jumanne, 12 Machi
Jioni nimekaa kitandani kwa Mama, nikatazama anakotazama yeye. Mnara wangu umeshameza nusu ya mlima! Tangu miguu imkatae, dirisha lile ndilo mahali pake pa sala. Kila asubuhi anaugeukia mlima. Anasema Mungu anapenda palipoinuka na kutulia. Macho yake yana ukungu siku hizi.

Alhamisi, 21 Machi
Nimemuuliza msimamizi kama ni lazima mnara uwe mrefu hivi. Akasema watu wasio na mlima hujijengea. Lakini sisi tunao! Akaniambia nipande. Nimejenga kama niko ndotoni. Tofali hili linaziba bega la mlima, hili bonde... Kitanda hakihamishiki, chumba kina dirisha moja tu. Najiona mwizi.

Jumamosi, 30 Machi
Tumemaliza kozi ya mwisho. Mlima haupo tena dirishani. Nilirudi nimejikaza nimwambie ukweli. Nikamkuta uso umechangamka, kajipaka mafuta. Eti mlima umemsogelea! Kauomba miaka yote kwa mbali, sasa Mungu kamletea. Na kileleni kaona mtu, mdogo, anatembeatembea. Kashinda akimwombea asianguke.

Mtu mwenyewe mimi. Nimekwenda kulia jikoni.

Jumapili, 31 Machi
Dada kaja na kiti cha magurudumu cha kuazima. Mama ndiye aliyemwagiza. Anasema maadamu mlima uko karibu hivi, lazima auguse leo, asife na hamu yake. Dada ananikonyeza: mwambie wewe. Mimi namkonyeza yeye. Mama keshavaa nguo yake nzuri, keshakaa kitini, anauliza tunangoja nini.

Nimesingizia viatu, nimejifungia chumbani naandika. Ni hatua mia mbili tu kufika mnarani! Macho yake yamemdanganya, lakini vidole... Huyu ndiye aliyenifundisha kupapasa tofali nikajua limeiva au bichi.

Ananiita. Nimevaa kiatu kimoja.