Upepo wa Matairi ya Sadoki

Alhamisi, Kavimvira. Mvua ya usiku ilikoma alfajiri, jua likatoka, na sasa, saa tisa alasiri, bati la nyumba yangu linalia kwa joto. Ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo ulioshuka milimani. Nimekaa kivulini, simu mkononi, miwani puani, na moyo wangu si mzuri.

Nina wivu. Naliandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka.

Nina wivu na Sadoki. Tulizaliwa kilima kimoja, juu ya Lemera, nyumba zetu zikitenganishwa na migomba tu. Vita ilipotufukuza, mimi nilivuka ziwa nikakaa kambini upande wa Kigoma miaka mingi. Huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachoandikia. Yeye aliishia Bujumbura, akafanya biashara, akapata. Niliporudi nilifika Uvira nikaishia hapa. Kilimani sijapanda tena mpaka leo. Sadoki amepanda, amejenga nyumba ya matofali pale pale ilipokuwa ya baba yake, na ana nyingine hapa mtaani yenye lango la chuma. Magoti hayamuumi. Hayo yote nilikuwa nimeyavumilia.

Mwezi uliopita akavusha mpakani gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa la chuma, jepesi kiasi kwamba wanaume wanne wangeweza kulishika na kuligeuza. Watu wa mtaa walilicheka. Litabeba nini? Mimi sikucheka. Nilisimama kando ya barabara mpaka likapotea.

Gari kama hilo nalijua. Nilipokuwa kijana nilikuwa fundi msaidizi wa mhandisi mmoja wa kampuni ya pamba kule bonde la Ruzizi. Alikuwa nalo la namna hiyo, la kijani. Kwa miaka sita nililiosha, nikalibadilishia mafuta, na kila Jumatatu asubuhi nilipima upepo wa matairi yake manne. Sikuwahi kuliendesha. Mhandisi alisema mikono yangu ni ya spana, si ya usukani, akacheka, na mimi nikacheka naye kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinilipa.

Sasa Sadoki, asiyejua hata maji ya rejeta yanamwagiwa wapi, anapita mbele ya nyumba yangu kila jioni kiwiko kikiwa nje.

Hata hilo ningelimeza, lakini kuna Furaha.

Furaha ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki kambini, na mimi na marehemu mke wangu ndio tuliomlea. Jumamosi hii anaolewa. Kwetu, babu na mjukuu wa kike ni mume na mke wa utani. Tangu akiwa mdogo ananiita "bwana yangu", nami namwita "muke yangu", na siku ya harusi babu husimama mlangoni akakataa kumtoa. Hununa. Hulalamika kwamba anaibiwa mke. Upande wa bwana harusi humbembeleza kwa mbuzi au kreti ya bia mpaka alegee. Wivu wa babu ni sehemu ya sherehe, na babu asiyeuonyesha huonekana hampendi mjukuu wake.

Tulikuwa tumepanga kwamba nikishaufungua mlango nitakaa naye kwenye gari la kwenda kanisani. Kisha akaliona gari jekundu. Jumapili alikuja akanishika mkono na kusema Papa Sadoki amekubali kumbeba. Mimi nitakuwa kwenye basi dogo la pili, na wazee.

Gari lina viti viwili. Nilihesabu kama vile ningeweza kupata cha tatu.

Jumanne Sadoki alikuja. Alikaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia sasa na kuniuliza kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wake ukanichoma kuliko majivuno.

"Simoni, weye njo fundi. Hii gari inarukaruka kama mbuzi. Mu mlango kulikuwa karatasi ya upepo, lakini jua iliisha kuikula. Mu mapine niweke kilo ngapi?"

"Kwado alikuwekea ngapi?" Hapa kwetu fundi wa matairi huitwa kwado, na wetu yuko pale njia panda.

"Kilo tatu. Alipiga ngumi, akasema iko muzuri sana."

Bila shaka alisema hivyo. Hapa kwetu tairi gumu ni heshima. Teksi ya watu watano inabeba tisa na mifuko ya unga, kwa hiyo kila kwado kati ya hapa na Kalundu anajaza mpaka mpira ulie kama ngoma, na mtu mwenye tairi linalobonyea hutazamwa kama mtu mwenye suruali iliyopasuka. Mkono wa kwado haujui gari jepesi. Kilo tatu za upepo kwa teksi ya mizigo ni sawa. Kwa gari la Sadoki ni wazimu. Uzito wake hauwezi kulilaza tairi hilo barabarani, kwa hiyo linatembea kwa utosi wake tu, kipande chembamba cha katikati, na kwenye lami yenye maji halishiki kitu.

Jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza. Mhandisi alitumia kilo moja na nukta nne mbele, moja na nukta sita nyuma, lakini barabara yake ilikuwa laini. Yetu ina mashimo, na ukishusha upepo mno shimo litabana mpira na kupinda rimu. Ongeza nukta mbili mbele na nyuma. Sadoki ni mnene, na gauni la harusi si unyoya. Moja na sita mbele, moja na nane nyuma, ipimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kuwa jua la hapa peke yake huongeza upepo kabla hujawasha injini.

Nilikuwa na hayo yote mdomoni.

"Acha vile vile," nilimwambia. "Kwado anajua kazi yake."

Alinishukuru. Ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi: alinishukuru, akanywa chai yangu, akasimama. "Basi Jumamosi ku daraja nitaichezesha kidogo, bibi harusi asikie utamu."

Msomaji wa mbali labda hajui. Msafara wa harusi hapa haupiti kimya. Madereva hupiga honi na kuyachezesha magari, kushoto kulia, kushoto kulia, wakitumia barabara yote, na kwenye daraja la Mulongwe ndiko wanakojionyesha, kwa kuwa watu husimama pale kutazama. Sadoki aliniambia wazi kwamba atafanya hivyo na mjukuu wangu pembeni yake, juu ya matairi yale. Nikasema: "Safari njema."

Nilitaka nini? Nimejiuliza tangu Jumanne. Sikutaka aumie mtu, hilo naweza kuapa. Nilitaka gari limwaibishe. Nilitaka liruke ovyo, Furaha achoke na kutikiswa, ashuke aseme: Babu, twende na lile lingine. Nilitaka kitu kidogo tu.

Jana jioni, baada ya manyunyu, Sadoki alimchukua Furaha kujaribu. Niliwaona wakitoka upande wa mpakani. Alipofika mbele ya duka la saruji akalichezesha: kushoto, kulia, na mara ya tatu mkia ukakataa kurudi. Gari lilijizungusha polepole, karibu kwa adabu, likapita upande wa pili wa barabara na kukita pua kwenye lundo la mchanga. Lori la ndizi lilikuwa limepita pale muda mfupi kabla. Nilikuwa bado nasikia mlio wake.

Furaha alishuka anacheka, mchanga umejaa kwenye kandambili. Wanawake waliokuwa wanauza dagaa walicheka. Sadoki alicheka, ingawa uso ulikuwa umempauka.

Mimi niliingia ndani kukitafuta kipimo changu cha upepo.

Leo saa nne, lami ilipokauka, nilikwenda kwa Sadoki na kipimo changu cha upepo mfukoni. Nilimkuta uani na Furaha, wanapima utepe mweupe kwenye boneti. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasema moja kwa moja.

"Juzi nilikudanganya. Uliniuliza upepo, nikakwambia uache. Nilijua ni mbaya."

Sadoki alimgeukia Furaha. "Unamusikia? Babu iko na wivu. Muke yake anamutoroka na gari nyekundu."

"Bwana yangu, usilie," Furaha akasema. "Nitakuletea mbuzi."

"Sifanyi utani," nilisema.

Wakacheka hadi utepe ukawaponyoka. Kila babu husema hafanyi utani. Ndivyo utani wenyewe unavyotaka. Nilisimama pale na kosa langu mkononi, na hakuna aliyekuwa tayari kulipokea.

Basi nikaomba chaki. Furaha anafundisha shule ya msingi. Chaki hazimwishi mkobani. Nilipiga mstari mpana kwenye kila tairi, kutoka ukingo hadi ukingo, nikamwambia Sadoki aende mpaka njia panda na kurudi, moja kwa moja, bila kucheza. Aliporudi niliwaita wainame. Chaki ilikuwa imefutika katikati tu, upana wa vidole vitatu. Kingo zote mbili zilikuwa nyeupe kama nilivyozichora.

"Hapo penye weupe hapajagusa barabara," niliwaambia.

Nikapima: kilo tatu na moja, kwa kuwa matairi yalikuwa yamepata moto. Nikafungua upepo, tairi moja baada ya jingine, ukatoka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa sababu yalikuwa na joto niliacha moja na saba mbele, moja na tisa nyuma, ili yakipoa yafike ninapotaka. Nikachora tena, Sadoki akaenda tena. Safari hii alipopita shimo lililo mbele ya lango gari lilishuka na kupanda kama mtu anayevuta pumzi. Chaki ilikuwa imefutika yote, sawasawa, tairi zima.

Nikiri na hili: hata wakati ule, nikiwa nimepiga magoti yangu mabovu chini, nililiona likipita vizuri namna ile na wivu ukanipanda upya. Nilikuwa nimemtengenezea.

Furaha alikuwa bado ameinama. Alipitisha kidole kwenye mpira, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Hakuwa anacheka tena.

"Jana, wakati tulienda ku muchanga," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na Jumanne ulijua atanibeba."

"Nilijua."

Sadoki alisokota utepe kwenye kiganja chake. Nilidhani angesema neno la kuniokoa, kwa sababu yeye ni mtu wa maneno. Alisema taratibu, "Minye pia nilikuwa mu ile gari, Simoni."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naandika ukweli: kwa siku mbili nilimwogopea Furaha, na Sadoki, mtu niliyechunga naye mbuzi, hakuwa hata amepita akilini mwangu kama mtu anayeweza kufa.

Nilimwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda ndani kutafuta maji ya kunawa, akakawia. Furaha aliokota utepe, akaukung'uta, akaniambia bila kuinua macho: "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uje upime. Weye mwenyewe, usitume muntu. Na Papa Sadoki hatacheza ku daraja, nitamukataza."

"Nitakuja."

"Sawa, Babu."

Nilirudi kwa miguu, nikipita njia ya nyuma ili nisionane na wauza dagaa.

Sasa nimekaa hapa najiuliza jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kunifundisha. Jumamosi saa tatu watu wa bwana harusi watakuja na nyimbo zao, na desturi inataka nisimame mlangoni ninune, niseme naibiwa. Watanitazama wakitegemea kuchekeshwa. Furaha atakuwa nyuma yangu, na yeye anaujua wivu ule ulivyo ukiwa si mchezo. Je, mtu anaweza kuuigiza mbele ya aliyeuona?

Nimeamua hivi. Kabla jua halijagusa lango la Sadoki nitakuwa nimepiga magoti pale na kipimo changu: moja na sita mbele, moja na nane nyuma. Kisha nitarudi nyumbani, nitavaa koti, nitasimama mlangoni kwa sababu lazima mtu asimame. Sitanuna, na mbuzi sitamtaja. Wajomba watanung'unika kwamba mzee ameharibu mchezo, kwamba kambi ilimsahaulisha mila.

Wakibisha mara moja, nitafungua.