Sechelela, Mwanao Anakaribia Kujifungua

Sechelela,

Barua zote nilizokuandikia nilipokuwa chuo cha ualimu zilianza kwa kukuuliza hali. Hii siwezi kuianza hivyo. Nianze na habari yenyewe: Yunis ni mjamzito, mimba yake ya kwanza, na imeingia mwezi wa tisa. Ulimwacha ana miaka mitatu. Sasa ana ishirini na minne, ameolewa, mumewe yuko kazini Sumbawanga. Alirudi kwangu mwezi wa saba, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Nyumbani kwa mama nipo mimi, na dada yangu Malita aliyemlea.

Naandika nikiwa hospitali, nimekaa kwenye veranda ya jiko wanalopikia ndugu za wagonjwa. Ni Jumapili mchana. Malita anakoroga uji. Usishtuke, nitaeleza kwa utaratibu. Ulikuwa ukinicheka kwamba hata ugomvi wa nyumbani nauandikia muhtasari. Tabia hiyo haijanitoka.

Ujue kwanza tulipo. Nilizaliwa upande wa Kongwa, na nikiwa mtoto tukahamishwa kupisha mashamba ya karanga ya Waingereza. Hilo nilikusimulia. Kuhama kwa pili, kwenda kijiji kipya, hakuna haja ya kukusimulia, maana ni wewe uliyebeba makaa ya moto kwenye kigae njia nzima ili tusianze maisha kwa kuomba moto wa watu. Baada yako nimehama tena mara mbili. Sasa niko Nzuguni, mashariki ya mji, ambako watu wanajenga palipokuwa na mashamba ya uwele. Kaburi lako limebaki kule kijijini. Kila mwaka nasema nitakwenda kulipalilia. Miaka imekuwa mingi kuliko safari.

Uliondoka kabla ya miaka ya foleni, na sasa nayo imepita. Sabuni ziko dukani za kila rangi. Nguo za mitumba zinamwagwa chini sokoni. Mtu binafsi anaruhusiwa kufungua zahanati. Mimi nimestaafu ualimu kwa barua ya mistari minne. Na mama anapokwenda kujifungua siku hizi anabeba vifaa vyake: pamba, wembe mpya, uzi, glavu, mpira wa kutandika. Yunis alipewa orodha hiyo kliniki. Aliileta nyumbani akaiweka chini ya kopo la majani ya chai, mahali ambapo ningeiona bila yeye kunikabidhi. Unaelewa kwa nini. Baba hazungumzi na binti yake mambo ya tumbo.

Kwa hiyo ujauzito wa mwanao niliufuata kwa masikio. Nilimsikia akiinuka kwenye kigoda kwa awamu tatu: kiganja ukutani, pumzi, kisha mwili. Nilijua hawezi tena kulala chali, maana asubuhi mito yote ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilijua ana kiungulia, kwa sababu alikuwa akiacha mboga yenye nyanya pembeni ya sahani, na udongo wa kula aliufungia kwenye karatasi za madaftari yangu ya zamani. Ni joto lile la kabla ya mvua, unalikumbuka, hata mbuzi wanakosa pa kusimama. Siku moja alikuwa akinimiminia chai, akasita, akashika ubavu. Nikajua mtoto amempiga teke chini ya mbavu. Wewe ulikuwa ukisita hivyohivyo, birika mkononi.

Nikafunua gazeti, nikasoma.

Mwezi uliopita kandambili zangu zilianza kupotea. Nikitaka kwenda kuoga sizioni. Nikamwuliza Malita kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, "Kwani nyumba hii watu hawana viatu vyao?" Kesho yake asubuhi zilikuwa mlangoni kwangu, zimeoshwa, na Yunis anatembea peku. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, Sechelela, na sikuweza kujumlisha kwamba viatu vyake havimwingii tena. Miguu yenyewe sikuiona. Kila nilipopita aliishusha kanga mpaka kwenye vidole, kwa heshima, kama alivyofundishwa.

Maandalizi nayo yalikuwa na kizuizi chake. Malita anashika yale ya mama zetu: mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi nguo, siku zake hazitajwi, na uchungu ukianza hautangazwi, maana ukitangazwa hurefuka. Nilikwenda sokoni kwa siri nikanunua vigauni vitatu vya mtumba na shuka laini. Nilikuwa nimechutama kwenye lundo nikipima kigauni kwa kiganja, nikasikia nyuma yangu, "Mgogo, na umri huu umeshika mimba? Mimi nilidhani ni tumbo la ugali."

Huyo ni Mama Shija, jirani yetu, mjane, Mnyamwezi wa Tabora. Utani wetu na Wanyamwezi unaujua, tangu enzi za wapagazi kupita kwetu wakiomba maji. Mama Shija ameuleta wote Nzuguni, hakuacha hata kipande njiani. Wakati wa msiba wa mjomba alijilaza ndani ya kaburi lililokuwa likichimbwa akasema hatoki mpaka apewe kuku. Nilimwomba asimwambie Malita. Akasema, "Sisemi. Nitakuja kukushika mgongo siku ya uchungu."

Jumatano asubuhi alikuja kurudisha chekeche. Nilikuwa uani. Nikamsikia ndani akiongea na Yunis polepole, jambo lisilo la kawaida yake. Kisha akatoka, akasimama mbele yangu, akaongea mpaka majirani wakasikia.

"Mgogo, weka gazeti chini. Nimebonyeza mguu wa binti yako kwa kidole, shimo limebaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Kichwa kinamuuma siku ya tatu. Kama unataka kuzika, niambie nianze kulia mapema, nina vitumbua motoni."

Malita akatoka mbio. "Wewe mama, hayo ni mambo ya ndani. Huyo ni baba mtu."

"Baba mtu ana masikio? Basi asikie. Mimi mtani, sina cha kuniziba mdomo."

Nikaingia ndani. Yunis alikuwa ameketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza hakuwahi kuishusha kanga. Sechelela, sikuitambua ile miguu. Nikamwuliza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Mwanangu, kichwa kinakuuma wapi?" Akatazama chini. "Mbele hapa, baba. Na macho yanaona kama vumbi linalometameta." Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu Jumatatu, ila shangazi alimwambia avumilie, siku zimekaribia.

Nilipotoka nikasema tunakwenda hospitali sasa hivi. Malita akasema tusubiri jua lipungue, tusiwape watu habari, mtoto wa kwanza azaliwe kwao kimya kama walivyozaliwa wote. Ndipo nikasema jambo ambalo kwa miaka ishirini na moja sijamwambia mtu. Na kwako pia sikuwahi kulisema, hata pale kaburini.

Siku ile yako, uchungu ulianza alfajiri. Mama na Malita waliingia nawe ndani wakaniambia nikakae mbali nisiseme kitu. Nilikaa chini ya ukuta wa ofisi ya chama. Palikuwa na lori la serikali lililoleta mabati ya shule. Saa sita mchana dereva alipanda, akawasha, akaniona. Akaniuliza, "Mwalimu, kuna lolote la mjini?" Nikamjibu, "Hakuna. Salama tu." Akaondoka. Nililitazama vumbi lake mpaka likaisha. Saa tisa wakaniita kwamba damu haikatiki. Jua lilipozama mlikuwa mmeondoka wote wawili, wewe na yule mdogo.

Nilimwambia Malita hayo nikiwa nimesimama uani, Mama Shija akisikia. Nilitegemea dada yangu ataniambia kwamba sikuwa na kosa, kwamba ni Mungu. Hakusema hivyo. Alisema, "Na mimi nililisikia lori likiwashwa. Nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa ameanza kuwa baridi, na nikalisikia." Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba beseni, ndani yake vile vifaa vyote vya orodha, na vigauni vyangu vitatu. Kumbe aliviona siku ileile niliyovinunua.

Nikapita nyumba kwa nyumba nikitafuta gari. Mzee mzima, kofia mkononi, nikitangaza mimba ya binti yangu milangoni kwa watu: ina miezi minane na zaidi, miguu imevimba, macho yanametameta, nani ana usafiri. Nilidhani nitaona aibu. Niliona watu wakivaa viatu. Mlango wa nne ulikuwa wa kijana anayepeleka zabibu mjini kwa pikapu. Alimwaga makreti yake chini bila kuniuliza swali la pili.

Hapa walimpima. Presha ilikuwa juu sana, na mkojo nao haukuwa mzuri. Daktari ni kijana, mpole. Aliniambia ingekuwa siku mbili zaidi angeweza kuanza kudondoka kwa kifafa cha mimba. Akasema, "Mmewahi, mzee." Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Anapewa dawa, kichwa kimetulia, macho yameacha kumeta. Kesho asubuhi watamwanzishia uchungu, maana dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka.

Lakini kuna jambo moja limeniuma kuliko yote. Nesi alikuwa akisoma kadi ya kliniki ya Yunis. Palipoulizwa uzazi wa mama yake mzazi pameandikwa: mama alifariki kwa homa. Ndivyo Yunis alivyojibu, kwa sababu ndivyo sisi tulivyomwambia. Tulidhani tunamkinga asiogope kuzaa. Kumbe tulimpeleka kliniki na habari ya uongo mkononi, mwezi baada ya mwezi, na mtu wa kuisahihisha alikuwa sebuleni anasoma gazeti.

Nikamwambia nesi: mama yake alifariki kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Akalikata lile neno kwa mstari, akaandika upya, akaniuliza kundi langu la damu. Jana nimetoa. Imewekwa kwenye friji, imeandikwa jina la mwanao, tayari kwa kesho kama itahitajika. Sijui kama itahitajika. Ipo.

Kisha ikabidi nimwambie Yunis mwenyewe. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, watu wakitutazama, baba na binti kitanda kimoja. Nikamsimulia yote: lori, dereva, nilichojibu. Sikupunguza. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo. Mtoto alikuwa akicheza, niliona shuka likipanda na kushuka, na safari hii sikugeuza macho. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Aliniuliza, "Mama alilia?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, nilikuwa mbali, pale mwanamume alipotakiwa kukaa.

Akasema, "Kesho ukae karibu, baba."

Sechelela, hakuna siku nimepata adhabu nyepesi kama hiyo, wala nzito kama hiyo.

Malita ameniletea uji, ananiambia barua gani hii isiyo na anwani. Nimemwambia ni yako. Hakucheka. Amesema nikusalimie, kisha akakaa karibu nami, na mwiko bado ameushika. Amezeeka, wifi yako. Nadhani anataka niandike kwamba anaomba msamaha, ila hajanituma. Mimi nauomba wangu. Wake atauleta mwenyewe siku yake ikifika.

Siwezi kukuahidi kwamba Yunis atapona, wala mtoto, kwa kuwa hilo si langu kuliahidi. Nakuahidi lililo langu. Nje ya chumba cha kujifungulia kuna benchi la mbao, hatua nne kutoka mlangoni. Nimezipima. Nesi amesema wanaume huwa hawakai pale, hukaa getini. Nimemwambia mimi nitakaa, na kwamba nikiulizwa chochote nitajibu kwa sauti, na nisipoulizwa nitauliza. Akilia nitasikia. Na mjukuu wako akikua akataka kujua bibi yake aliondokaje duniani, ataambiwa kweli, na wa kumwambia ni mimi.

Pumzika sasa, mke wangu. Nakwenda kumlisha mwanao uji.

Mwalimu wako.