Bati Lililopungua Bwera

Jumatatu, 3 Machi
Kasese. Umeme umekatika tena nikiwa kazini. Programu yangu ya kukadiria mabati inakwenda. Fundi akileta vipimo, inatoa idadi, duka linapakia. Bosi amefurahi, kwa hiyo kaniongezea kazi. Leo mabati ya Afande, mteja wetu mwanajeshi, yameenda Bwera, ya nyumba na ya jiko.

Jumanne, 4 Machi
Kambale, fundi wa Afande, kapiga simu. Nyumba imetimia, jiko limepungukiwa bati moja. Nikamwambia anapandanisha mabati mno kwenye maungio. Programu ingekosea, ingekosea kote.
"Dada, miye naezeka tangu Butembo."
Nikakata simu. Ananichosha.

Alhamisi, 6 Machi
Afande kamwamuru Kambale ang'oe mabati yote ya jiko, ayapange upya. Kayatandaza mpaka yakafika. Mvua ikanyesha. Maji yanaingia kwenye maungio na kwenye matundu ya misumari. Afande amezuia vifaa vyote vya Kambale, hata ngazi. Mke wa Kambale ndiye aliyenipigia.
"Bwana yangu iko tu nyumbani, hana na kazi. Utamusaidia?"
Nimewakasirikia wote. Sijui kwa nini usingizi hauji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeifungua programu. Nyumba: 31.5, ikawa 32. Jiko: 10.5, ikawa 10. Kumi! Shuleni nusu ilikuwa inapanda. Nikajaribu 12.5, ikatoa 12. 13.5, ikatoa 14. Kumbe kwenye Python, lugha niliyoandikia programu, nusu ikiwa kamili, round(), amri ya kukadiria namba nzima, inakwenda kwa namba shufwa iliyo karibu. Imeandikwa wazi kwenye maelezo. Sikusoma. Mjinga mimi.
Na hata ningesoma, round() haikufaa tangu mwanzo. Paa likitaka mabati kumi na robo, unanunua kumi na moja. Nimeweka ceil(), inayopandisha kila kipande hadi namba nzima ya juu. Neno moja! Na mtu hana kazi.

Jumamosi, 8 Machi
Bwera, na mabati mapya kumi na moja. Bosi kayatoa amenuna.
"Kosa ya nani?" Afande aliuliza.
"Yangu, Afande. Fundi hana kosa."
Akamgeukia askari wake. "Rudisha vifaa ya fundi. Sasa hivi."

Jumapili, 9 Machi
Kambale alitoka misa, akapanda juu ya jiko. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Niliyasema yote, nikiwa chini, shingo imeinuka. Aliendelea kugonga msumari. Kisha akateremsha ncha ya bati.
"Shika hapa, dada."
Nikashika.