Baba Mkwe Kaungua Kwenye Oveni

Shoga, nimechoka, hata kulia siwezi.

Ile sanamu ndogo ya marehemu baba mkwe, niliyokuwa namfinyangia mama mkwe kwa siri, imeungua. Kaichoma mama mwenyewe!

Udongo ule wa plastiki unaokwa kwa moto mdogo. Nimeenda kuoga tu, kapita jikoni, kaongeza moto. Eti "Kwa moto huu hata keki haiivi, mwanangu." Hata keki haiivi!

Moshi nyumba nzima. Uso wa baba mweusi tii, masharubu yamevimba.

Akauliza, "Kwani ulikuwa unaoka nini?"
Ningesema nini? Nikamwambia, "Baba."

Akampuliza, akampakata. "Huyu nilimwambia kila siku, akipanda kuezeka juani avae kofia. Hasikii."

Mpaka saa hizi hajamweka chini.