Hesabu ya Taa Sita

Baba,

Mwadila. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba mtu hatangulizi shida zake kabla ya salamu, na sitakuvunjia adabu leo.

Nimechoka, Baba. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, mgongo ukutani, miguu imevimba. Nimetoka Bariadi kwa baiskeli yako, na mnyororo ulikatika nikiwa sijafika hata nusu ya njia, nikaisukuma mpaka nyumbani. Ungekuwepo ungesema leo baiskeli ndiyo imempanda Nkwimba. Mama alinipa maji.

Tangu tukuzike tumevuna pamba misimu miwili. Ghala la ushirika limefungwa, popo ndio wenye ghala sasa. Wanunuzi siku hizi ni watu binafsi, kila mmoja anakuja na gari lake na mizani yake, na kila mizani ina maoni yake juu ya gunia lile lile. Madukani mjini hakuna kinachokosekana. Unakumbuka tulivyokuwa tukisubiri betri za redio zije kwenye duka la ushirika, na zikija anapata mwenye shemeji ndani? Sasa betri zimejaa mpaka zinashika vumbi, ila pesa ndiyo imehama. Mdogo wangu Masanja amepata mtoto wa pili, wamempa jina lako. Mama hajambo, isipokuwa kifua. Daktari alisema ni moshi wa koroboi na wa kuni, apunguze. Apunguze vipi, hakusema.

Kwa hiyo nimekuwa nikipiga hesabu ya sola. Ile yako.

Sijasahau siku uliyonichukua kwenda kuiona dukani. Muuzaji aliitoa ile paneli nje juani, na wewe ukaigusa kwa mgongo wa kiganja, vile unavyomgusa ndama unayemshuku ana homa. Ukamuuliza, "Inakula nini?" Akasema inakula jua. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Basi huku haitakufa njaa." Watu dukani walicheka, mimi niliona aibu. Nilikuwa mke wa watu wakati ule, nimekuja kuwasalimia, na nilitaka baba yangu aonekane mtu wa mjini. Nisamehe kwa hilo pia.

Hukuiamini bei yoyote mpaka uigeuze mifugo. Ulisema shilingi inabadili sura kila mwaka lakini ng'ombe ni ng'ombe. Tukiwa njiani kurudi ulikuwa umeshamaliza: paneli ng'ombe watatu, betri ng'ombe mmoja, nyaya na taa mbuzi kadhaa, fundi apewe kondoo na asilalamike. Zizi lilikuwa limejaa. Ulisema tukivuna tu, unauza.

Kabla ya mavuno nikarudi mimi. Nilitembea kutoka Bukundi kwa mume wangu na begi moja, bila mtoto, na jicho moja halifunguki. Kwetu binti akirudi bila mtoto, mahari nayo inarudi. Wakwe zangu hawakuchelewa. Ng'ombe kumi na wawili waliingia kwa ajili yangu, kumi na wawili wakatoka. Ulisimama langoni mwa zizi ukawataja mmoja mmoja kwa majina yao walipokuwa wanapita, na walipokwisha ukanigeukia ukasema, "Kachote maji. Waliobaki wana kiu."

Ni hayo tu. Miaka minne tuliyokaa pamoja baada ya hapo hukulitaja jambo lile tena, wala la sola. Hukunigombeza, hukunipa pole. Nilipoanza kulala stoo, hapa kwenye magunia, kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine, hukusema nilale wala nisilale. Nikajijibu mwenyewe. Nilijua zile taa zilikwenda Bukundi kwa kwato kwa sababu yangu, na kila Mama alipokohoa nilihisi ni mimi ninayemkohoza. Nilitaka kukulipa ukiwa hai. Hukunisubiri, Baba. Hilo nalo linanichosha.

Nimelima ekari yangu ya pamba misimu yote miwili, na siku za mnada nimeuza mitumba. Wiki iliyopita nilimwambia Mama kwamba naenda kwa fundi wa sola kuuliza gharama. Akaingia ndani, akatoka na lile kopo ulilokuwa ukiwekea risiti za chanjo ya ng'ombe, akanipa karatasi iliyokunjwa. Alisema ni hesabu yako, fundi aione. Sikuifungua. Nilidhani ni ile ile ya siku ya dukani, naijua kwa kichwa, na sikuwa na nguvu ya kuona mwandiko wako asubuhi ile.

Fundi ni kijana wa Mwanza, ana kibanda nyuma ya soko. Aliniuliza nataka taa ngapi. Nikahesabu kama tunavyohesabu kaya: sebuleni, chumbani kwa Mama, jikoni, zizini, kwa Masanja. Tano. Akasema huko kwetu wote tunakosea hapo hapo, tunahesabu nyumba wakati tulipaswa kuhesabu saa, maana taa moja inayowaka mpaka alfajiri inakula kuliko tatu zinazozimwa mapema. Nikasema sawa, muda wa saa tatu kila siku. Halafu nikampa karatasi yako.

Aliisoma akitabasamu. Hajawahi kuona sola imepigiwa hesabu kwa mbuzi. Lakini alisema hesabu si mbaya, mzee alikuwa makini, ila kuna kitu hakukiweka: betri ikifa itanunuliwa na nini? Nilishangaa, nikamwambia si ameweka ng'ombe mmoja wa betri. Akaniambia huyo ni wa betri ya kwanza. Baada ya miaka miwili, ukiitunza mitatu, inatakiwa nyingine. Hakutaka kunicheka, naona, kwa hiyo alisema polepole: "Betri haizai, dada."

Nilicheka mimi badala yake. Ndivyo ulivyokuwa. Maisha yako yote kila kitu cha thamani ulichokuwa nacho kilizaa kingine kabla hakijazeeka. Ungejuaje kwamba kuna mali inayokufa bila kuacha ndama? Nilicheka mpaka fundi akanipa kigoda.

Kisha akasema kuna jingine. Mimi nimetaja taa tano, mzee ameandika sita. Akaanza kuzisoma kwa sauti, kidole kwenye karatasi. Sebuleni. Chumbani kwetu. Jikoni. Zizini. Kwa Masanja. Kwa Nkwimba. Akainua uso.

"Nkwimba ndiye nani?"

Nikasema ni mimi.

Niliichukua ile karatasi nikaitazama vizuri. Haikuwa ile ya siku ya dukani. Umeiandika nyuma ya stakabadhi ya pamba, na stakabadhi yenyewe ni ya msimu uliofuata baada ya ng'ombe kuondoka. Nilikuwa nalala stoo tayari. Zizini walibaki maksai wawili na jike mmoja na ndama wake, na wewe ulikaa mahali fulani na kalamu, ukaanza hesabu upya, ukaniweka. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, Baba. Nimelala kwenye haya magunia miaka yote hiyo nikijiona mgeni aliyekula mali ya watu, na jina langu lilikuwa ndani ya kopo la chanjo. Nililia mbele ya kijana wa watu. Alijifanya anatafuta bisibisi.

Pesa yangu haifiki taa sita. Kwa hesabu yako inafika ng'ombe watatu na mbuzi mmoja hivi, na maksai hatuwezi kuwagusa, tutalima na nini. Fundi alinipangia paneli ndogo na betri ndogo, taa nne, akasema niende nyumbani tukakubaliane zipi mbili zitoke.

Tulikaa juzi jioni, mimi, Mama, Masanja na mkewe. Ya zizini ilitoka haraka, ng'ombe wenyewe siku hizi ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ya pili ikawa ngumu. Masanja si mtu mbaya, unamjua, anasema kinachoonekana. Alisema stoo si nyumba, magunia hayasomi gazeti, itoke ya stoo. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali, kwa sababu nimezoea. Taa sita niliwatajia, lakini karatasi sikuwa nimemwonyesha mtu.

Mama alikuwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa.

"Baba yenu alishahesabu," alisema. "Toeni ya kwangu. Kitanda changu nakijua hata gizani."

Masanja akakubali. Kumbe Mama alijua siku zote kilichoandikwa, na alinipa ile karatasi makusudi. Nyinyi wawili na ukimya wenu mtaniua. Nimeshamwambia kwamba ya sebuleni itafungwa juu ya mlango wake, imulike huku na huku, na koroboi haitaingia tena chumbani mwake. Jikoni taa ipo, bado kuni. Moja baada ya jingine.

Leo nimekwenda kulipa. Fundi anakuja Jumamosi na paneli yako, ndogo kuliko uliyoigusa, lakini jua inalokula ni lile lile.

Kuhusu kosa lako, nimelisahihisha kwa njia yako. Jana nilinunua mbuzi jike mnadani, mweusi, ana mimba. Nimewaambia wote hapa nyumbani kwamba huyu si wa kuchinjwa, si wa mgeni, si wa Krismasi. Ni mbuzi wa betri. Betri haizai, lakini yeye atazaa, na betri ikifa watoto wake watanunua nyingine, na itakayofuata, ilimradi mimi nipo. Hilo nakuahidi. Kila jioni muda wa saa tatu, si zaidi, halafu nazima.

Lala, Baba. Jumamosi nitawasha ya sebuleni kwanza, Mama aone. Halafu nitakuja kuwasha ya kwa Nkwimba.

Mwanao,
Nkwimba