Rejista Isiyo na Mtoro

Kilole, Korogwe

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Naitanguliza kabla ya yote, maana najua utasema mdogo wako amekaa mbali mpaka amesahau nani alianza kuzaliwa. Mama anaendeleaje na ule mguu? Usinijibu "hajambo" kama ulivyozoea. Niambie kama anafika kisimani mwenyewe au anachotewa maji. Na kifua cha mwanao wa mwisho kilipona kweli, au mlinificha nisiwe na wasiwasi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na homa haijanishika tangu mvua za vuli.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako anaishika shemeji, wanao wanaichezea, na jirani anaiazima kila jioni. Ninalotaka kukuambia ni la masikio yako tu. Nimempa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko Kibondo, nikamwambia ndani kuna picha za kipaimara. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukikuta imebanduliwa, nijulishe.

Najua unacheka. Kucheka kwako hakujanibadilisha. Mama mwenye nyumba hapa Kilole huniletea bada, ule ugali wa muhogo wa huku, na samaki kila Ijumaa, na huu ni mwaka wa pili nangoja aseme anataka nini. Hajasema. Chakula nakula, lakini jicho langu liko kwake.

Ofisi imenitoa darasani kabisa. Sasa niko upande wa takwimu za shule za msingi, na nimepewa kazi ya kuandika taarifa ya shule zote za serikali wilayani: wanafunzi wangapi, walimu wangapi, madawati, matundu ya choo, maji yanatoka wapi. Tangu shule zifunguliwe nimekuwa barabarani. Nimepanda milimani kwa Wasambaa, ambako watoto wanaingia darasani na masweta, na ukungu unaingia nao. Nimefika Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme. Nimefika Ngombezi kwenye mkonge, ambako wazazi wanahama kufuata kazi, kwa hiyo mwanafunzi uliyemhesabu mwezi huu mwezi ujao yuko shamba jingine. Kisha nimeshuka huku bondeni, upande unaopakana na Handeni, ambako nyumba na nyumba ni mwendo na shule na shule ni safari.

Kazi hii imenifaa, dada. Inataka mtu asiyeamini. Mwalimu mkuu akinipokea kwa soda kabla ya rejista, mimi naanzia chooni. Nikikuta ubao umeoshwa unang'aa, nauliza jana walifundisha nini. Wenyewe wameshanipa jina, wananiita Mama Hebu Nione. Wanadhani sijui.

Sasa sikia. Kuna shule shikizi moja upande huo wa Handeni, jina lake nitaliacha. Shikizi ni vyumba ambavyo wanakijiji wamejenga wenyewe ili watoto wadogo wasiende mbali, na inahesabika chini ya shule mama. Hii ina vyumba viwili vya tofali za kuchoma na mwalimu mmoja wa kujitolea, kijana wa Kizigua, Mwalimu Mhina. Taarifa yangu ndiyo ingependekeza isajiliwe iwe shule kamili na ipewe walimu, au ifungwe na watoto warudi shule mama. Shule mama iko ng'ambo ya korongo, na wakati wa masika korongo hilo halivukiki hata na mtu mzima.

Nilifungua rejista ya mahudhurio nikashtuka. Majina hamsini na nane, na hakuna mtoro. Si wiki moja, ni muhula mzima. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekwenda msibani, hakuna aliyebaki kulinda shamba, na mahindi yalikuwa yameshaanza kubeba. Mimi nimefundisha miaka kumi na mitano na sijawahi kuona wiki moja ya namna hiyo. Nikamtazama Mwalimu Mhina, naye akatazama miguu yake.

Nikaomba madaftari. La kwanza lilikuwa la mtoto anayeitwa Zaituni. Ukurasa mmoja herufi zimelala, kubwa kubwa. Ukurasa unaofuata herufi zimesimama, ndogo, zimebanana. Kisha zimelala tena. Nilifungua mengine, na zaidi ya nusu yalikuwa hivyo hivyo, mikono miwili daftari moja. Nikajisemea, nimekupata. Watoto hawa hawapo. Mwalimu anajaza majina, na siku ya mgeni anaazima watoto wa shule mama. Nilimwita huyo Zaituni mbele nikaukariri uso wake: mrefu, mwembamba, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nikaaga nikiwa natabasamu.

Nilirudi baada ya siku sita bila kumwarifu mtu. Hata Rajabu, dereva wa bodaboda ninayemtumia, nilimdanganya kwamba tunakwenda Hale. Tulipofika njia panda nikamwambia kata kulia. Akanigeukia. "Mama, si ungesema tu? Mimi ningemwambia nani?" Nikamwambia aendeshe.

Tulifika wakati wa kuita majina, nikasimama nje ya dirisha. "Zaituni?" "Nipo." Akasimama mtoto mfupi, mnene wa mashavu, nyusi zake safi. Nilihesabu wengine, sura ambazo sikuziona siku ile zilikuwa nyingi. Damu ilinichemka, dada. Nilifurahi pia, sitakuficha, furaha ile mbaya ya mtu aliyeshuku akakuta kweli. Nilimtoa mwalimu nje nikamwambia mbele ya Rajabu kwamba ameazima watoto wa watu, na kwamba jina lake linakwenda kwenye taarifa yangu.

Hakujitetea. Alisema, "Mama, kabla hujaandika, twende shambani. Siyo mbali." Nilimshuku hata hapo, nikamwambia Rajabu atufuate.

Tulipita katikati ya mahindi mpaka kwenye dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa kulinda ngedere. Juu yake alikuwa ameketi yule wa kovu, ana teo mkononi na rundo la mawe pembeni. Kwenye ubao wa dungu alikuwa ameandika hesabu za kutoa kwa mkaa, kwa zile herufi zilizolala.

"Wewe si Zaituni?" nikamuuliza.

"Leo si mimi," akasema. "Leo zamu ya mdogo wangu. Mi kesho ndo Zaituni."

Nilishika mguu wa dungu, dada. Nilihisi kama mtu ameniita kwa nyuma.

Mama yao alitoka kwenye mihogo akifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hofu nami, alikuwa amechoka tu. "Mama, tukuambie ukweli," alisema. "Ukiandikisha wawili, mmoja lazima alinde, ngedere hawana Jumapili. Akikosa shule, mtendaji anaita mzazi, unakaa ofisini kwake kutwa, shamba nalo linaliwa. Tukakaa kina mama tukaona, jina liandikwe moja, waende kwa zamu. Jina halikosi shule, shamba halikosi mtu. Jioni aliyesoma anamfundisha aliyelinda. Sasa kosa liko wapi hapo?"

Nyumba za Wamaasai wanaofuga jirani nazo zimefuata mtindo huo huo, mmoja shule, mmoja kwa ndama. Mwalimu Mhina anawajua wote kwa sura. Sare ni moja, anayekwenda ndiye anavaa. Mimi nilikuja kutafuta watoto hewa, kumbe watoto ni wengi kuliko majina.

Na mimi, kati ya watu wote, ndiye nilipaswa kujua tangu ukurasa wa pili wa daftari. Unakumbuka ulipofika darasa la tatu, Mama akajifungua vibaya, na ikabidi mmoja wetu abaki kulea? Ulinivalisha gauni lako la shule, likanifika miguuni, ukafunga kiuno kwa kamba ya mgomba. Ukaniambia, "Akiita Yustina, sema nipo." Ilikuwa iwe wiki mbili. Wewe hukurudi tena, na mimi nimesema nipo mpaka leo. Cheti cha darasa la saba ni Yustina, cha ualimu ni Yustina, kitambulisho cha kazi ni Yustina. Ninaposhuku watu, dada, si tabia niliyozaliwa nayo. Kila anayenitazama kwa muda mrefu nadhani ameshajua. Hata bada ya mama mwenye nyumba, nangoja siku atakaponiuliza jina langu la nyumbani.

Kwa hiyo nilikaa pale chini ya dungu na karatasi zangu sijui la kuandika. Nikiandika kwamba rejista si ya kweli nikaishia hapo, shikizi inafungwa, Mwalimu Mhina anafukuzwa, na masika wale wadogo wanakaa nyumbani wote. Nikikaa kimya, wataendelea kusoma nusu nusu, na siku ya mtihani atafaulu mmoja tu, mwenzake abaki kwenye mahindi hana hata jina la kufelia. Hilo la pili ndilo liliniuma. Nilikuona wewe.

Nikamwambia mama yule awaarifu wenzake, kesho waje watoto wote, mashamba yalindwe na watu wazima siku moja. Aliguna. "Siku moja tunaweza," akasema. "Lakini na wewe useme nao, siyo uandike halafu tukamatwe." Na yeye alikuwa ananishuku, na sikumlaumu.

Walikuja, dada. Vyumba viwili havikuwatosha, tukatoka nje. Tuliandika rejista mpya, mimi naandika na Mwalimu Mhina anawaleta wawili wawili. Walikuwa tisini na saba. Yule wa kovu nilimuuliza, "Wewe jina lako ni nani?" Akamtazama mdogo wake. Nikamwambia, "Zaituni ni huyu? Au ni wewe?" Akasema kwa sauti ndogo kwamba Zaituni ni mdogo wake, yeye ni Mwajuma, lakini shuleni hajawahi kuitwa hivyo. Nikaandika Mwajuma. Alisimama akalitazama mpaka wino ukakauka.

Kisha akaniuliza, "Na we mama unaitwa nani?"

Nilifungua mdomo niseme lile ninalosema siku zote, likakataa. Nikamwambia, "Sesilia." Rajabu alikuwa nyuma yangu ameegemea pikipiki, na yeye ananijua kwa Yustina. Alisikia. Njiani kurudi hakuniuliza kitu, na hilo ndilo limenifanya nisitulie hata leo.

Taarifa nimeshaipeleka. Nimeandika yote kama yalivyo: majina yalikuwa hamsini na nane na watoto ni tisini na saba, sababu ni ngedere na ndama na mtendaji, na mwalimu hakuazima mtoto wa mtu. Nimependekeza isajiliwe, na nimependekeza mwalimu aonywe, asifukuzwe. Mkuu wangu aliisoma ile sehemu mara mbili. Akavua miwani. "Mwalimu Yustina," akasema, "mtu wa kawaida angefunga shule. Wewe ulijuaje pa kuuliza?" Nikamjibu nimefundisha muda mrefu. Alinitazama. Sijui kama alitosheka, na hawajaamua bado. Huenda wakaifunga, huenda wakaisajili.

Nimechoka, dada. Nimempa Mwajuma jina lake kwa kalamu ya ofisi, na la kwangu liko wapi? Nimeamua kwenda kwa mwanasheria niulize jinsi mtu anavyoapa na kusema ukweli wa jina, kabla hajatokea mwingine wa kuusema. Wanaweza kunitoa kazini. Naogopa, sikufichi. Lakini jina ni lako na sikukuomba siku ile, ulinivalisha tu. Kwa hiyo sasa naomba. Wakija watu kuuliza huko nyumbani, usinilinde. Waambie Yustina ni wewe, na uwaonyeshe mwandiko wa mkono wako, maana mpaka darasa la tatu uliandika vizuri kuliko mimi.

Nisalimie Mama, umwambie sikunji tena uso kama alivyokuwa akinikataza. Msalimie shemeji, na asiisome hii. Bamdogo anayetengeneza baiskeli sokoni mpe salamu, na yule shangazi wa kanisani anayeuliza kila mwaka kwa nini huku wananiita jina la dada yangu, mwambie swali lake lilikuwa zuri. Wanao wote wabusu, na yule wa kike anayeanza shule mwakani, hakikisha wewe mwenyewe unakwenda kumwandikisha kwa jina lake.

Juu ya bahasha, kwa mazoea, nilikuwa nimeandika mtumaji Yustina, na mpokeaji Yustina, kama barua zangu zote za kabla ya simu. Utaona nimekata la mtumaji.

Ni mimi mdogo wako,

Sesilia